Kamera Iliyomeza Baiskeli ya Baba

Shida ilianza kwetu mwaka wa tisini na nne. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na hilo darasa sikulimaliza. Baba alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, na serikali ikasema wafanyakazi wamezidi. Ikawapunguza kama mtu anavyopunguza mahindi yaliyosongamana, na baba akawa mmoja wa ile miche iliyong'olewa. Tukahama nyumba ya Amalemba, iliyokuwa na mfereji wa maji uani, tukarudi nyumbani upande wa Sigalagala, ambako maji yalikuwa mtoni na mto ulikuwa bondeni. Sisemi haya nihurumiwe. Huruma haijawahi kununua chumvi.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya harufu. Tulipomzika Kukhu, yaani nyanya yangu aliyemzaa mama, watu wa boma walikaa wakagawana vitu vyake. Wengine walipata masufuria, wengine mablanketi. Mimi nikapewa kikopo kidogo cheusi cha plastiki chenye kifuniko cha kijivu, ambacho mimi mwenyewe nilimpa zamani, naye akawa akiwekea ugoro. Nyinyi wa rika langu mnakijua: filamu ya kamera ilikuwa inakuja ndani yake. Watoto wangu walidhani ni cha dawa. Nilipokifungua nikapiga chafya, hiyo ilikuwa ya ugoro. Halafu chini ya ugoro, mbali kabisa, nikaisikia ile harufu nyingine, chachu kidogo, kama siki iliyochanganywa na raba mpya. Nikakaa kwenye kiti cha wageni nikacheka peke yangu, mpaka mke wangu akaja kuuliza kama ni majonzi.

Si majonzi. Ni baiskeli.

Baba hakukaa sana nyumbani baada ya kupunguzwa. Alikwenda Lugari kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mahindi, yale yaliyoachwa na Wazungu yakakatwa vipande. Alikwenda kwa basi, baiskeli akaiacha. Ilikuwa baiskeli nyeusi, ndefu, yenye keria ya chuma inayoweza kubeba gunia na mtu juu ya gunia. Aliinunua kabla hata ya kuoa, na alipokuwa akiiosha Jumapili alikuwa akiongea nayo kwa sauti ya chini, maneno ambayo mama alisema yeye hajawahi kuambiwa. Siku ya kuondoka aliiegemeza ukutani sebuleni, akaifunika gunia, akamwambia mama, "Hii usiazime mtu." Mama akasema sawa. Na kweli, hakuazima mtu.

Wazo la kamera lilikuwa langu. Kule Amalemba, jirani yetu alikuwa mzee mmoja mpiga picha tuliyemwita Fundi Ainea. Nilikuwa nimeona jinsi watu walivyomzunguka Jumapili nje ya kanisa, wakijipaka mate kwenye nyusi, wakivuta soksi juu, wakibishana nani asimame mbele. Sasa huku Sigalagala nikaona jambo lingine: mpiga picha hakuna. Wanafunzi wa chuo cha ufundi walinunua suruali mpya wakakosa wa kuwapiga picha. Kwenye matanga watu walimngojea mpiga picha kutoka mjini, na marehemu huwa hangoji. Nikawaza, mtu aliye na kamera hapa ni kama mtu aliye na kisima.

Nilimsumbua mama mpaka akachoka. Aliniuliza, "Na ukishindwa?"

"Sitashindwa."

"Hiyo si jibu. Hiyo ni mdomo."

Lakini alikuwa ananifikiria. Kijana asiye shuleni na asiye na kazi, kwetu, anajifunza kazi ya kuiba mapera ya watu. Siku moja akarudi kutoka sokoni, alikokuwa akiuza ndizi mbivu, akasema amesikia Fundi Ainea macho yamemwisha na anaziachilia kamera zake. Pesa hataki. Anataka baiskeli yenye keria, kijana wake aanze kusambaza mkate. Mama alisema hivyo akiwa anachambua mboga, bila kuangalia upande wa gunia pale sebuleni. Mimi pia sikuangalia.

Tuliisukuma mpaka Amalemba ikiwa imefunikwa, kana kwamba tunapeleka mgonjwa.

Fundi Ainea alitandika taulo mezani akapanga kamera tatu. Aliziinamia karibu sana, pua ikizigusa, maana macho yake yalikuwa na utando kama maziwa yaliyopoa. Akaniambia nichague, lakini nisichague kwa macho, kwa sababu macho ndiyo yaliyommaliza yeye.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, lenzi yake imetoka mbele kama kikombe cha chai. Nilipoivaa shingoni nikajiona tayari ni mtu wa kupishwa njiani. Tena niliamini kwamba kamera kubwa inatoa picha kubwa, kama vile sufuria kubwa inavyotoa ugali mkubwa. Fundi Ainea akacheka. Akasema hiyo betri yake ni ndogo kama kifungo cha shati na haipatikani Kakamega, wala Kisumu, na ndani ya lenzi ukungu umeota kama kwenye mkate wa juzi.

Ya pili ndiyo niliyoitaka kwa moyo wote. Ilikuwa ya plastiki, inang'aa, nyepesi, na ukiigusa mahali fulani flashi inaruka juu yenyewe kama mtoto aliyeitwa jina. Nikaishika nikakataa kuiweka chini. Mama, ambaye hakuwahi kushika kamera maishani mwake, akauliza, "Hiyo inakula nini?"

Ndivyo alivyokuwa akinunua ng'ombe pia, na kuku. Bei aliiuliza mwisho. Kwanza alitaka kujua chakula.

"Inakula betri mbili kila Jumapili," Fundi Ainea akasema. "Na ikianguka mara moja haiokotwi, inafagiwa."

Mama akaniondolea mkononi.

Ya tatu nilikuwa sijaiangalia hata. Ilikuwa ndogo, ya chuma, ngozi yake imechanika pembeni, ikilala pale kama kobe. Fundi Ainea akasema hiyo haili kitu. Betri haina. Kile kioo kilichozunguka lenzi, chenye vinundu kama masega ya nyuki, kinakula jua tu, na jua la Kakamega halijawahi kuuzwa. Halafu akasema jambo lililomfanya mama aketi vizuri: ukiiwekea filamu ya picha thelathini na sita, yenyewe inatoa sabini na mbili.

Mama akaniangalia, nami nikamwangalia. Sote wawili tulikuwa tumeenda kanisani. Tulikuwa tunajua habari ya mikate mitano na samaki wawili. Sikuuliza zile picha zingine zinatoka wapi. Hata wale waliokula mikate hawakuuliza, walikaa kwenye nyasi wakala.

Nilipoitia jichoni nikaona kitu kingine. Kidirisha cha zile kamera mbili kilikuwa kimelala, kama dirisha la nyumba. Cha hii kilikuwa kimesimama wima kama mlango. Nikaelewa mara moja, au nikadhani nimeelewa: watu husimama, ng'ombe ndiye hulala. Kamera hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu, na zile zingine kwa ajili ya mifugo. Nilimweleza Fundi Ainea, akasema mimi nitafika mbali.

Alinifundisha mchana ule wote. Jinsi ya kuingiza filamu, jinsi ya kuizungusha kwa kidole gumba, jinsi ya kusimama jua likiwa mgongoni kwangu. Picha zake yeye alikuwa akizisafisha mwenyewe, kwenye chumba cha giza nyuma ya nyumba, moja moja, kwa mkono. Lakini mimi ningepiga za rangi, na za rangi zilipelekwa studio mjini, na studio ikazituma Kisumu kwenye mashine. Habari za hiyo mashine hakuniambia, kwa sababu hata yeye hakuwahi kuihitaji. Tukaagana. Kijana wake alikuwa tayari ameipanda baiskeli ya baba, anaizungusha uani akipiga kengele, na mama alitembea haraka mpaka kengele ikapotea.

Nawaambia ukweli, hakuna raha niliyoiona baadaye iliyozidi ile ya kutembea Sigalagala na kamera mfukoni mwa kaptura. Ilinipiga pajani kila hatua, na kila ilipogonga nilikumbuka kwamba mimi ni mtu wa kazi. Tulikuwa na mvutano wetu lakini. Nikiingia mahali penye giza, kiulimi chekundu kilichomoza ndani ya kidirisha na kamera ikakataa kubonyezeka. Nililalamika kwa mama kwamba kamera hii haina adabu, inanitolea ulimi mbele ya wateja. Mama akasema labda kuna kitu inajua. Ndivyo ilivyokuwa, ilikuwa inakataa kuharibu filamu yangu gizani. Nimeajiri watu wazima wasio na akili hiyo.

Taabu ya picha sabini na mbili ni kwamba haziishi. Filamu haiwezi kutolewa kabla ya kwisha, na wateja wa kijijini hawaji kwa makundi. Mwanafunzi mmoja wa useremala nilimpiga akiwa na suruali mpya ya kaki, na kila tulipokutana aliniita kwa sauti, "Wewe photo, picha yangu itatoka hii suruali ikiwa imekuwa ya kupangusia meza?" Nilimpiga mchungaji wetu akiwa na Biblia. Nilimpiga mama mmoja mpika pombe ya busaa akiwa mbele ya mlango wake. Nilipiga mapacha, nikapiga fahali wa kupigana ambaye mwenye fahali alimvalisha leso. Hesabu kwenye kamera ilipanda polepole kama konokono, na Krismasi ikafika.

Na Krismasi ikamleta baba.

Aliingia na mfuko wa mahindi begani, akasalimia, akaweka mfuko chini, akatazama ukuta wa sebule. Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri. Juu ya gunia alikuwa amelala paka.

"Baiskeli iko wapi?"

Mama akanisukuma mbele. Nikatoa kamera mfukoni.

Baba akaishika kwa vidole viwili. "Hii?"

"Ndiyo, baba."

"Baiskeli yangu imekuwa kitu ya kuingia kwa kaptura."

"Uliniambia nisiazime mtu," mama akasema kutoka jikoni. "Sikuazima."

Baba hakuwa mtu wa kupiga watu. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kama mtu ameketi juu ya kifua chako. Alikula akanyamaza, akanywa chai akanyamaza. Mwishowe akatoa hukumu. Picha zikija, ataziangalia yeye mwenyewe. Zikiwa nzuri, sawa. Zikiwa za ovyo, hicho kikamera kitarudi Amalemba, baiskeli itarudi hapa, na mimi nitafuatana naye Lugari, kuna mzee anayemwomba kijana wa kuchunga ng'ombe na kulala nao. Mimi nilimwona yule mzee wa Lugari waziwazi, ijapokuwa sikumjua: alikuwa na buti na hakuwahi kucheka.

Siku ya Krismasi mama alichinja jogoo. Ingokho, yaani kuku, kwetu si kitoweo tu, ni heshima, na baba aliwekewa firigisi na paja kama mwenye boma. Akalainika. Aliposhika paja akaniita. Akasema kule Lugari vibarua wenzake wanamcheka kwamba watu wa kwao wanakula mboga tupu, kwa hivyo nimpige akila, na paja lionekane vizuri. Akasimama mlangoni, fulana ya ndani tu, suruali imekunjwa, akauma paja kwa meno yote ya mbele huku akinikodolea macho kama mtu anayepigania mali yake. Nikabonyeza. Hesabu ikaonyesha imebaki moja.

Mama akanipa bakuli nimpelekee Kukhu, mama yake, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya kijito. Nikamkuta Kukhu amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe. Nikamwomba asimame nimalizie filamu kwake. Alisimama wima kabisa, mzito kama jiwe la kusagia, mpaka jogoo wake alipomrukia kuku mmoja pale kando akakosea akaanguka. Kukhu akageuka, mikono kiunoni, akacheka mpaka jino la nyuma kabisa likaonekana. Nikabonyeza. Filamu ikaisha, kamera ikajifunga.

Sasa wapo waliozaliwa kwenye ghorofa, lazima niwaeleze kitu. Kwetu wakati huo, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani. Hawashikani mikono, hawaketi nyumba moja, hawali mahali mmoja anaweza kumwona mwenzake. Akimwona anakuja njiani, mmoja anaingia shambani kwa watu mpaka mwingine apite. Si chuki. Ni heshima iliyokomaa. Baba alikuwa ameoa kwa Kukhu kabla sijazaliwa, na tangu hapo kila mmoja alikuwa amemwona mwenzake mgongo tu.

Filamu ikaenda mjini, ikaenda Kisumu, ikarudi baada ya mwaka mpya kwenye bahasha. Sikuifungua. Niliibeba chini ya shati, nikamkabidhi baba mbele ya mama na mbele ya Baba Mkubwa, ndugu yake mkubwa, aliyekuwa amekuja kumuaga. Na bahasha ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotarajia. Nilihesabu kwa macho baba alipokuwa akizitoa: thelathini na sita. Nikajua nimeibiwa nusu.

Sikuwa nimeibiwa. Zote zilikuwapo. Ila mashine ya Kisumu haikujua kamera yangu. Yenyewe ilizoea picha pana, na hizi zangu zilikuwa nyembamba, mbili ndani ya nafasi ya moja. Kumbe ndiyo maana ya ule mlango uliosimama. Kwa hivyo mashine ikachukua kila jozi ikaichapisha kwenye karatasi moja, watu wawili ubavu kwa ubavu, na mstari mweusi mwembamba katikati. Mwanafunzi wa useremala alikuwa ameunganishwa na fahali mwenye leso. Mchungaji na Biblia yake alikuwa amesimama karibu kabisa na yule mama wa busaa, wote wawili wakitabasamu kama watu wanaojuana zamani. Mama akafunika mdomo. Baba Mkubwa akasema hiyo ya mchungaji asiione mke wake. Hata baba alianza kucheka, na mimi nikaanza kupumua, kwa sababu sura zilikuwa safi, rangi nzuri, hakuna kichwa kilichokatwa.

Halafu akafikia ya mwisho, akaacha kucheka.

Upande wa kushoto alikuwa yeye mwenyewe, fulana tu, anatafuna paja. Upande wa kulia alikuwa mama mkwe wake, mikono kiunoni, amemgeukia, anamcheka usoni.

Baba Mkubwa ndiye aliyesema kwanza, polepole, kama anasoma kesi. "Ndugu yangu. Unakula mbele ya mama mkwe wako. Tena bila shati."

Baba aliinuka kwenda kuitupa motoni. Baba Mkubwa akamzuia. Akasema macho yameshaiona, na jambo la namna hii likifichwa linatokea baadaye kwa watoto, wanakuwa wadhaifu, hawasikii dawa. Lazima mama mkwe mwenyewe apelekewe, aseme anataka nini cha kutuoshea. Akitaka mbuzi, atolewe mbuzi. Mbuzi hatukuwa naye. Baba akanitazama. Akasema kesho asubuhi kamera inarudi Amalemba, na nifunge nguo zangu, tutashika basi la Lugari pamoja. Nilitaka kulia lakini kamera ilikuwa mfukoni na mtu wa kazi halii, kwa hivyo nililia kwa pua.

Tukaenda kwa Kukhu jioni ile jua likiwa bado juu ya miti, mama mbele, mimi katikati na bahasha, baba nyuma kabisa. Kwenye boma la Kukhu baba hakuingia. Alisimama nje ya ua wa michongoma, amegeuza mgongo, kama sheria inavyotaka. Wakwe wakilazimika kuongea, wanaongea kupitia mtu wa katikati, hata kama wote wanasikiana vizuri. Mtu wa katikati nikawa mimi.

Kukhu alipokea picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akaketi kwenye kigoda. Alikaa nayo muda mrefu hata nikasikia michongoma ikitikisika baba alipobadilisha mguu.

"Mwambie huyo mtu aliye nje," Kukhu akasema, "huku anakokula ni kwake ama kwangu?"

Nikageukia ua. "Baba, Kukhu anauliza, huku unakokula ni kwenu ama kwake?"

"Nimesikia," baba akasema. "Mwambie mama, ni makosa ya mtoto. Kamera inarudi kesho. Aseme anachotaka."

Nikageuka kwa Kukhu, akainua mkono nisirudie. Akaweka kidole chake kwenye ule mstari mweusi, akauteremsha kutoka juu mpaka chini.

"Mwambie, huu ni nini?"

"Sijui, Kukhu. Umetoka na mashine."

"Huu ni ukuta. Mimi mwenyewe nakandika kuta, naujua ukuta nikiuona. Mwambie mkwe wangu yeye yuko kwake, anakula kuku wake. Mimi niko kwangu, nacheka jogoo wangu mjinga. Ukuta uko katikati, mweusi, hauna hata tundu. Nani amemwona nani?"

Mama alikuwa amekaza macho chini, mabega yakimtetemeka, na mwanzo nilidhani analia.

Kukhu akarudi kuiangalia picha. Sauti yake ikashuka, na sasa hakuwa akinituma mimi. Alikuwa akiongea na upande wa kushoto wa karatasi. "Kumbe ndiye huyu. Miaka yote namjua mgongo. Nilimpa mtu mtoto wangu nikimjua mgongo tu." Akamtazama mama. "Ana meno mazuri. Hukuchagua vibaya."

Nilisubiri kuambiwa nipeleke maneno hayo, lakini hakuna aliyeniambia. Yalikuwa yameshafika. Baba alikohoa mara moja. Halafu sauti yake ikaja, nzito, kama mtu anayeongea na kikombe mdomoni.

"Mwambie mama... mwambie siku nyingine nitavaa shati."

"Mwambie avae," Kukhu akasema. "Na hii picha hairudi. Ni yangu. Mbuzi sitaki, nitamlisha nini?"

Akasimama akaichomeka picha kwenye udongo wa ukuta, juu ya kitanda chake, mahali mvua haifiki. Tukarudi nyumbani, baba akiwa mbele sasa, haraka. Asubuhi aliamka akachukua mfuko wake. Mimi nilikuwa tayari, nguo zangu ziko kwenye karatasi ya sukari. Akazitazama.

"Unaenda wapi?"

"Lugari."

"Na hii kamera nani atapiga? Paka?"

Akaenda kushika basi peke yake. Habari ya baiskeli haikutajwa tena kwetu, ila mara moja alimwuliza mama kama kijana wa mkate anaiosha.

Zile zingine thelathini na tano nilizikata kwa makasi, nusu nusu, kila mtu akapata yake. Mchungaji alilipa haraka na kuomba nusu nyingine aione ikikatwa. Lakini maneno ya Kukhu yalikuwa yameshavuka kijito. Wiki mbili hazikwisha, akaja mzee mmoja kutoka ng'ambo, ameshika kofia. Akasema amesikia nina picha ya ukuta. Mama mkwe wake anaugua, hajawahi kumwona uso, je, naweza kumpiga yeye hapa halafu niende nimpige yule kule, na picha itoke moja? Nikamwambia naweza. Baada yake wakaja wengine. Bwana arusi na mama wa bibi arusi. Wanaume wenye mvi waliokuwa wakimkwepa mama mmoja kwenye njia ile ile tangu ujana wao. Nilijifunza kupanga: mkwe kwanza, mama mkwe baadaye, na mikono isielekee ukutani. Mjini kulikuwa na wapiga picha wenye kamera za lenzi ndefu kama mkono, wamesomea kazi, na hakuna aliyeweza kuipiga hiyo. Wao kamera zao zilikuwa na picha thelathini na sita tu, zimelala kama ng'ombe.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sikupewa na mtu, sikusomeshwa na mtu, na cheti sikuwa nacho hata cha kuzaliwa. Hicho nilitengenezewa baadaye, nilipotaka kununua ardhi wakaniuliza.

Leo nina studio ya picha Shieywe, mjini Kakamega, na mashine yangu mwenyewe ya kuchapisha. Nina nyumba ya mawe Sigalagala yenye vyumba vitano na maji ndani. Nina mahema manne na viti vya kukodisha vya watu mia tatu. Nina ng'ombe wawili wa gredi, pikipiki moja, mke mmoja, watoto wanne, wote wamemaliza shule. Na nina ekari tano za mahindi kule Lugari. Vibarua ninao. Watoto siajiri.